Superliminal ikigoma: dalili, sababu na namna ya kujinasua

Superliminal ni gemu la mafumbo linalochezwa kwa jicho la mchezaji mwenyewe. Humwoni mhusika, unaona anachokiona yeye. Lilitengenezwa na studio ya Pillow Castle ya Marekani, likatoka kwenye kompyuta mwaka 2019, kisha kwenye PlayStation 4, Xbox One na Nintendo Switch mwaka 2020. Hakuna bunduki wala adui. Uko ndani ya ndoto, kwenye tiba ya usingizi ya daktari aitwaye Glenn Pierce, na njia ya kutoka ni kuelewa jinsi macho yako yanavyodanganyika.

Nahudumia kompyuta za vijana na vibanda vya gemu hapa Ngamiani, Tanga, na malalamiko juu ya gemu hili yanajirudia. Mengi huja kwa sentensi moja: "Kaka, hili gemu bovu." Kabla hujalifuta na kulipakua upya, ukamaliza bando la wiki nzima, amua kwanza tatizo liko upande gani: kanuni ya mchezo, mwili wako, au mashine. Sukuma mausi utazame. Kama chumba kinageuka bila kukwama, sauti inasikika na unatembea vizuri, mashine ni nzima na ulichonacho ni fumbo. Kama picha inakwama, inazima au haitoki kabisa, shuka moja kwa moja kwenye sehemu za mashine huko chini. Na kama picha iko sawa ila wewe ndiye unayetoka jasho jembamba, acha kucheza sasa hivi, kisha usome sehemu ya kichefuchefu.

Kwa ninavyoona mimi, kesi nyingi ni za upande wa kwanza, ndiyo maana naanza nao na nitakaa nao zaidi.

"Nakishika kitu, nikikiachia kinabaki kilekile"

Hili ndilo linaloongoza. Mtu ameambiwa na wenzake kwamba humu vitu vinakua. Anashika kete ya sataranji iliyo mezani, anahangaika nayo, anaiachia, iko vilevile. Anabofya kwa nguvu zaidi. Mausi haina kosa lolote.

Kanuni ni hii: ukishakishika kitu, kinabaki na ukubwa uleule machoni pako, na ukikiachia kinakwenda kutua mahali pa mbali kabisa palipo wazi nyuma yake. Kikitua mbali, hakina budi kuwa kikubwa kweli ili kiendelee kuonekana vilevile. Kikitua karibu, kinakuwa kidogo kweli.

Kama maneno hayatoshi, nenda ufukweni Raskazone asubuhi ngalawa zikiwa majini. Fumba jicho moja, nyosha mkono, weka kidole gumba mbele ya ngalawa iliyo mbali. Gumba lenye upana wa sentimita 2, likiwa sentimita 60 kutoka jichoni, linaziba kitu chenye urefu wa mita 6 na ushee kilicho umbali wa mita 200. Hiyo ni ngalawa nzima na mvuvi wake. Jicho moja linapokea pembe tu, halina namna ya kujua kipi kikubwa na kipi kidogo. Fumbua la pili, na papo hapo unajua gumba liko karibu, kwa sababu macho mawili yanapima umbali kwa kulinganisha picha zao. Sasa kumbuka kwamba kioo cha kompyuta ni bapa. Hata ukikikodolea macho yote mawili, ndani ya gemu una jicho moja tu. Hapo ndipo watengenezaji walipoweka mtego wao wote. Ndani ya Superliminal, gumba lile ukiliachia likatua mita 200, linakuwa na upana wa mita 6 kweli, lina kivuli chake, na unaweza kulipanda.

Ukishalielewa hilo, sababu za kitu kugoma kukua ni hizi, kuanzia iliyo ya kawaida zaidi.

Kwanza, umekiachia ukiwa umetazama ukuta wa karibu. Watu wengi hushika kitu na kubaki wametazama palepale walipokiokota. Geuka kwanza, tafuta upande wa chumba ulio mrefu kuliko yote, elekeza macho huko mwisho ndipo uachie. Hesabu yake ni nyepesi: kitu kilichokuwa mita 1 kutoka kwako kikitua mita 10, kila upande wake unakuwa mara 10. Ujazo wake unakuwa mara 1,000. Ndiyo maana hatua chache tu za kurudi nyuma zinabadili mambo sana.

Pili, umekishika kutoka mbali. Kitu ulichokiokota kikiwa kidogo machoni kitaendelea kuwa kidogo machoni popote utakapokipeleka. Anayetaka kukuza asogee hadi kitu kijaze kioo, akishike hapo, kisha atazame mbali na kukiachia. Anayetaka kupunguza afanye kinyume: arudi nyuma, akishike kingali kidogo machoni, atazame sakafu karibu na miguu yake, aachie. Mara moja isipotosha, rudia. Kila mzunguko unaongeza au unapunguza juu ya ule uliopita, na hakuna aliyekuwekea kikomo cha mizunguko.

Tatu, kuna kitu kinachokizuia njiani. Kitu kinakwenda nyuma hadi ukingo wake wowote uguse kizuizi cha kwanza, iwe nguzo, bomba, dari au kizingiti cha mlango. Chumba kinaweza kuwa kirefu kama ukumbi wa harusi, lakini kama dari ni ya chini na kete ni ndefu, itagonga dari mapema na kubaki ya kadiri. Hapo tazama juu kabisa, kwenye kona ambako ukuta wa mbali unakutana na dari, uachie kitu kidondoke chenyewe. Au kizungushe kilale, kwa kitufe cha kuzungushia utakachokiona kwenye setingi za vidhibiti.

Nne, na ni nadra, kitufe cha mausi kimechoka. Usikisie, kipime: toka nje ya gemu, shika faili lolote kwenye uso wa kompyuta, livute taratibu kutoka kona moja hadi nyingine bila kuachia. Likidondoka lenyewe katikati, mausi ndiyo mbovu na hutalimaliza gemu hili kwa mausi hiyo. Jaribu nyingine kabla ya kugusa chochote.

Nyongeza kwa waliokwama mwanzoni kabisa mwa gemu, kwenye mlango ulio juu usiofikika: mchezaji wa humu anaruka kidogo sana, na amefanywa hivyo kwa makusudi. Usipoteze muda kurukaruka. Kile kipande cha jibini chenye umbo la kabari ndicho ngazi yako. Kikuze, elekeza mteremko wake kwako, kisha ukipande.

"Chumba kitupu, hakuna cha kushika, hakuna mlango"

Hapa ndipo vijana wengi wanapofungua YouTube, na mimi nawasihi wasifungue. Superliminal ni gemu fupi. Ukiangalia majibu ya vyumba vichache umeshakula nyama yake yote na kubakiza mfupa. Pitia haya kwanza, kwa mpangilio huu.

Tafuta rangi iliyovunjika. Kama ukutani, sakafuni au kwenye nguzo kuna mabaka yasiyo na maana, vipande vya miraba vilivyotawanyika au mstari uliokatika, huo ni mchoro mmoja uliopakwa juu ya vitu vilivyo umbali tofauti. Kuna mahali pamoja tu chumbani ambapo ukisimama vipande vyote vinaungana na kuwa umbo kamili, na hapo umbo linabanduka na kuwa kitu cha kweli unachoweza kukishika. Ni mbinu ileile ya matangazo yanayolazwa pembeni ya goli: ukitazama mpira kwenye televisheni unaona ubao umesimama, kumbe ni kitambaa kimetandazwa kwenye nyasi na kuchorwa kwa ajili ya kamera moja tu. Mpiga kona akikitazama anaona herufi zilizorefushwa ovyo.

Namna ya kupapata mahali hapo si kuzunguka chumba kwa kubahatisha. Chagua vipande viwili tu vya mchoro. Tembea ubavu, kulia au kushoto, hadi kingo za vipande hivyo viwili ziguse. Kisha, bila kuacha mstari huo, sogea mbele au nyuma hadi cha tatu kiingie. Vikikataa kwa urefu, yaani kimoja kiko juu kidogo kuliko mwenzake, panda juu ya kitu au tafuta sehemu ya chini zaidi. Ukifanya hivi kwa utulivu mchoro unaungana haraka, na raha ya kuuona ukiungana kwa hesabu yako mwenyewe ni kubwa kuliko ya kuonyeshwa.

Hakuna mchoro? Basi jaribu kushika vile ambavyo kwa kawaida havishikiki. Mtu anakagua meza, boksi na kete, lakini hajaribu mlango wenyewe, alama ya kutokea, taa au kitu kinachoonekana dirishani kwa mbali. Kwenye ndoto hii ramani ya kipi ni pambo na kipi ni kifaa inabadilika kila sura ya gemu. Pitisha alama ya katikati ya kioo juu ya kila kitu na utazame ikibadilika.

Bado? Geuka nyuma. Mara kadhaa njia inafunguka nyuma yako, au mlango ulioingilia si uleule tena. Hii ndiyo dawa pia ya malalamiko ya "natembea korido narudi palepale". Korido inayojirudia haikuharibika. Imewekwa hivyo, na kutembea mbele kwa ukaidi hakutaivunja. Badili jambo moja kila mzunguko: rudi kinyumenyume, ingia mlango wa upande mwingine, tazama kilichobadilika kati ya mzunguko huu na uliopita.

Kuna sura ya giza pia, na hiyo huletwa kama ubovu wa kioo. Vibanda vyetu vingi vimefunguka kuelekea barabarani, na saa nane mchana mwanga wa nje unapiga kwenye kioo kiasi kwamba sura ile inaonekana nyeusi tupu. Geuza meza au shusha pazia kabla ya kupandisha mwangaza kwenye setingi. Alama za kutokea zinatoa mwanga, kwa hiyo zitumie kama taa. Sehemu ile inatisha, lakini hakuna kitakachokurukia, na mtoto aliye na wasiwasi aambiwe hivyo mapema.

Na yupo anayeripoti kwamba akibofya kitu hakishikiki, kinazaa kingine. Hiyo nayo ni kanuni mpya ya sura hiyo. Nakala ndizo ngazi zako, ndizo uzito wako wa kubonyezea vitufe vya sakafuni. Usizizalishe bila mpango, sababu utaiona kwenye sehemu ya gemu kukatakata.

Kuhusu lugha, mama mmoja aliniuliza kama mwanawe anakwama kwa kuwa hajui Kiingereza vizuri. Sauti na maandishi havimo kwa Kiswahili, ni kweli. Lakini fumbo lenyewe linasomwa kwa macho. Redio unazozikuta njiani ndani ya gemu zinasimulia hadithi, hazitoi majibu. Washa maandishi ya chini ya kioo, mtoto asome taratibu, na atafika mwisho kama mwingine yeyote.

"Kitu kimenasa au kimetoweka"

Umekikuza kikaziba mlango, umekipunguza hadi hukioni, au kimetumbukia mahali usipofika. Kilichoziba kishike tena kutoka mbali ukiachie miguuni. Kilichopotea kitafute kwa kutazama chini taratibu, kwa sababu kitu kidogo sana hujificha kwenye kivuli cha ukuta. Kisipopatikana, simamisha mchezo na uchague kurudi hatua ya mwisho iliyohifadhiwa. Unapoteza dakika chache tu. Usizime kompyuta kwa kitufe cha umeme ili "kuanza upya": ukikata umeme wakati gemu linaandika faili la maendeleo, faili hilo linaweza kuharibika na hapo umepoteza yote.

"Kichwa kinazunguka, nataka kutapika"

Hili nalichukulia kwa uzito kuliko yote yaliyotangulia, maana hapa kinachoumia ni mtu. Magemu ya jicho la mchezaji yanaambia macho kwamba unatembea, na sikio la ndani, linalosimamia mizani ya mwili, linasema umekaa kwenye kiti. Ubongo unapokea habari mbili zinazopingana, na baadhi ya watu huishia na kichefuchefu. Superliminal inaongeza chumvi kwa sababu ukubwa wa vitu unabadilika ghafla na vyumba vinapinduka. Si udhaifu wa mtu, na kumcheka anayeumwa ni kumzidishia.

Anza na yaliyo rahisi. Sogea nyuma, kwenye vibanda watu hukaa kioo kikiwa puani, na kioo kinachojaza macho yote ndicho kinachoumiza zaidi. Fungua dirisha au washa feni, kunywa maji, usicheze na njaa. Joto la Tanga kuanzia Desemba hadi Machi, ndani ya chumba cha mabati chenye watu wengi, linatosha kumtia mtu kizunguzungu hata bila gemu.

Kisha ingia kwenye setingi. Panua uwanja wa kuona, yaani kipimo cha nyuzi ambazo kamera inazichukua; ukiwa mwembamba sana unajihisi kama unachungulia kwenye tundu linalotikisika. Zima ukungu wa mwendo (picha kufifia unapogeuka) na mtikisiko wa kichwa (picha kuyumba unapotembea) kama umewekewa. Punguza kasi ya mausi ili picha isiruke. Na kama picha inakatakata, tibu hilo kabla ya mengine, kwa sababu picha inayochelewa kufuata mkono ni chanzo kikubwa cha kichefuchefu.

Ukianza kutoka jasho la baridi, mate kujaa mdomoni au kupiga miayo mfululizo, simama hapohapo. Kuvumilia hakuzoeshi, kunazidisha. Toka nje, tazama kitu cha mbali kisichosogea, na usiendeshe pikipiki wala gari hadi kizunguzungu kiishe kabisa. Usimpe mtoto vidonge vya kuzuia kutapika safarini ili aendelee kucheza. Dawa ile ni ya kuulizia kwa mfamasia au daktari, na si kwa kazi hiyo.

Sasa onyo. Mwanga unaomulika na mistari inayobadilika haraka huweza kuamsha kifafa kwa watu wachache, hata ambao hawakuwahi kuwa nacho. Mtu akikakamaa au akitikisika mbele ya kioo, zima kioo, ondoa viti na nyaya karibu naye, mlaze ubavu akitulia, mwekee kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji, usimbane kwa nguvu. Mtikisiko ukizidi dakika 5, ukijirudia kabla hajapata fahamu, au kama ni mara yake ya kwanza, apelekwe hospitali mara moja. Kwa walio mjini, Bombo iko karibu. Hata akiamka vizuri, asicheze tena hadi aonwe na daktari. Vivyo hivyo kwa anayeona vitu viwiliviwili, anayepoteza fahamu, au ambaye maumivu ya kichwa hayaishi hata akilala usiku mzima. Fundi kompyuta hana la kusaidia hapo.

"Linakatakata, linakwamakwama"

Kagua chaja kwanza. Kompyuta mpakato nyingi zikiwa kwenye betri hujipunguza nguvu zenyewe. Chomeka, kisha angalia setingi za umeme zisiwe kwenye hali ya kubana matumizi. Pili, funga kivinjari na programu nyingine. Tatu, kama mashine yako ina kadi mbili za picha, ile ndogo iliyo ndani ya prosesa na nyingine kubwa, mara nyingi gemu huangukia kwenye ndogo. Kwenye setingi za Windows, sehemu ya onyesho, ingia grafiki, lichague gemu ulipe utendaji wa juu.

Haikusaidia? Shusha idadi ya nukta za picha na ubora wa vivuli ndani ya gemu. Na kama linakatakata kwenye chumba kimoja tu ulichokijaza nakala za vitu au kitu kimoja kikubwa kupindukia, rudi hatua ya mwisho iliyohifadhiwa. Ulimwengu wa gemu unakokotoa mgongano wa kila nakala na mwenzake, na kompyuta ya kawaida inalemewa.

Linaloanza vizuri na kukatakata baada ya muda kidogo ni joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Tazama kompyuta imewekwa wapi: godoro, mto na kitambaa cha meza vinaziba matundu ya chini. Iweke juu ya meza ngumu, iinue nyuma kwa vizibo viwili. Kama bado, vumbi limeziba feni. Zima kabisa, chomoa chaja, puliza matundu kwa pampu ya mkono ukiwa umezuia mapanga ya feni yasizunguke kwa kijiti cha mbao. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Usiweke barafu wala kitambaa kibichi chini ya mashine. Nimeletewa zilizoua ubao mama kwa njia hiyo. Walio karibu na bahari waongeze uangalifu, kwani hewa ya chumvi inakula viungio vya ndani polepole na kufanya vumbi ligande. Kufungua kifuniko, kubadili ile pesti ya joto juu ya prosesa na kusafisha kutu ya chumvi ni kazi ya fundi. Skrubu moja ndefu ikirudishwa mahali pa fupi inatoboa ubao.

"Halifunguki, au kioo kinabaki cheusi"

Mara nyingi upakuaji haukukamilika: bando liliisha katikati au umeme ulikatika. Usilifute. Kama umelinunua Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, ingia kwenye sifa za gemu, sehemu ya mafaili yaliyosakinishwa, uagize yathibitishwe; yatapakuliwa yaliyokosekana tu. Kisha hakikisha diski haijajaa, na usasishe draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya picha, kutoka tovuti ya mtengenezaji wake. Kama unasikia sauti lakini huoni picha, bonyeza Alt na Enter kwa pamoja ili litoke kwenye kioo kizima.

Nakala za gemu zinazopitishwa kwenye flashi ni habari nyingine. Nyingi zinakuja na virusi, na anayekwambia "zima antivirasi kwanza ndiyo litafunguka" anakufungulia mlango wa nyumba. Kwenye kompyuta yenye kazi za shule au hesabu za duka, kataa. Subiri punguzo, gemu hili hushushwa bei mara kwa mara.

"Kompyuta inajizima yenyewe katikati ya mchezo"

Hapa kuwa mwangalifu. Gusa mgongo wa mashine: ikiwa ya moto sana, rudi kwenye maelezo ya joto hapo juu. Kama si ya moto, angalia soketi na ekstensheni. Ekstensheni moja inayobeba feni, friji ya soda, televisheni na kompyuta mbili ni tatizo lenyewe. Hamisha kompyuta kwenye soketi yake peke yake ujaribu. Umeme wetu ni volti 230, lakini unapokatika na kurudi huja na mruko. Kwa kompyuta ya mezani stabilaiza nzuri au UPS, yaani boksi lenye betri linaloshikilia umeme ukikatika, ni lazima, na ukikatika chomoa, subiri utulie ndipo uchomeke.

Acha kabisa, zima swichi kuu na uite fundi ukiona lolote kati ya haya: harufu ya kuungua, cheche kwenye soketi, plagi iliyoyeyuka, au mwili wa chuma wa kompyuta unaokupa shoti. Usifungue lile boksi la umeme la kompyuta ya mezani, hata likiwa limechomolewa. Kapasita zake hubaki na chaji inayoweza kukuumiza vibaya. Betri ya kompyuta mpakato iliyovimba, ikasukuma kibodi au padi ya kidole juu, isichajiwe tena, isitobolewe, isibonyezwe irudi. Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, mpelekee fundi. Ikianza kutoa moshi, toeni watu nje na mpige 114, zimamoto.

"Picha inazunguka yenyewe"

Kwenye pedi, kile kijiti cha kulia kimechoka. Chomoa pedi: picha ikitulia, umepata jibu. Ongeza eneo mfu la kijiti, yaani sehemu ya katikati ambamo kikisogea kidogo hakihesabiwi, kwenye setingi kama lipo, au ukipangilie upya. Safisha kuzunguka shina lake kwa kijiti cha pamba kilicholowanishwa kidogo kwa spiriti, pedi ikiwa imezimwa. Kama imeshachakaa ndani, fundi wa pedi atabadili kijiti kwa kukichomea upya. Si kazi ya kujaribia na pasi ya kuchomea kwa mara ya kwanza.

Ukiamua kumpelekea fundi mashine, mwambie mambo manne: dalili inatokea baada ya muda gani, inatokea kwenye gemu hili tu au hata kwenye video, ulikuwa kwenye chaja au betri, na nini kilibadilika kabla yake, iwe ni kuanguka, maji, umeme kukatika au programu mpya. Nakili kazi zako kwenye flashi kabla ya kuiacha. Na kama jibu lako la pili ni "kwenye gemu hili tu, tena kwenye chumba kimoja", usilipie ufundi bado. Rudi kwenye chumba hicho, geuka nyuma, chagua vipande viwili vya rangi na uanze kutembea ubavu.